Matakia Mawili ya Kiti cha Baba

Jumatatu, 11 Machi 1957

Uji, kumgeuza Baba, kufua, kufua tena. Kamba ya nguo imejaa mpaka mwisho. Kuni mbichi, moshi tele, moto hakuna. Siku zangu ni hizi tangu kiharusi kimpige Baba mwaka jana kikamwachia upande mmoja tu, wa kulia. Silalamiki. Naandika.

Leo kiti chake kimemtupa. Kile cha mikono, cha mvule, alichokalia akiwa karani wa baraza la wazee, akaachiwa alipostaafu. Henzirani ya kukalia, zile fito nyembamba zilizosukwa, imepasuka ghafla, Baba akazama katikati, magoti yakagusa kidevu. Mimi na mume wangu Komora tumemchomoa. Hakuumia. Ametazama ukuta mpaka magharibi.

Jamvini hakai. Akishuka hainuki bila watu wawili, na anasema mtu mzima haokotwi chini kama kuni. Basi amelala chumbani, na watu wakija kumjulia hali anajifanya amesinzia. Baba yangu! Aliyekuwa akikaa barazani kila jioni, Garsen yote ikimwamkia, na wa mwisho kuingia ndani ni yeye, giza limeshaingia.

Baada ya kula amesema nipelekeni Ndera kwa ndugu yangu. Ndera ni siku kadhaa kwa mtumbwi, kinyume cha maji. Nyumba ya ami yangu ina giza, na wake zake wawili hawasemezani. Nani atamgeuza kule? Atakufa. Naandika hivyo hivyo, atakufa.

Nimebishana naye kama mtu anunuaye samaki. Mwisho tumekubaliana. Nikimtengenezea kiti kabla ya Idi, atabaki, atakaa barazani kupokea watu. Nikishindwa, Komora atafute mtumbwi. Ameitikia kwa kichwa.

Nimeahidi. Sijui hata pa kuanzia.


Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda kwa Fundi Shee, seremala, mzee wa Kipini. Henzirani hana. Hutoka Lamu, na mvua ikianza lori la Lamu halipiti. Ananiambia nipigilie ubao, yaishe. Ubao! Baba amebaki mifupa, kidonda cha nyongani kimefunga juzi tu. Nimemwambia ubao akalie yeye. Amecheka. Mtu huyu hakasiriki, na hilo linaniudhi zaidi.

Nyuma ya nyumba ya wageni ya serikali walikuwa wametupa viti viwili. Kimoja hakina mgongo, kingine kina miguu mitatu. Nimemwomba mlinzi, nikavibeba kichwani kimoja kimoja. Komora kaviona, kasema kuni nzuri hizo. Ni vya kujifunzia, nimemwambia. Atakayevitia motoni nitamtia yeye.


Jumamosi, 16 Machi

Kamba ya usumba, ya nyuzi za nazi. Nimesuka kiti kisicho na mgongo kama wasukavyo kitanda, mbili juu mbili chini. Kazi ya siku mbili. Kimekaza vizuri, nikajisifu. Nikakikalia nikichambua mchicha. Nimeinuka na mistari mapajani kama niliyechapwa. Ngozi ya Baba ni karatasi siku hizi. Haifai bila takia.

Takia basi. Jirani amepura mpunga, majani yake yamejaa uani kwake. Nimejaza gunia, nikakunja, nikashona kwa shazia, sindano ya magunia, mpaka kidole kikatoka damu. Nimelikalia. Laini! Linanukia shamba. Nimeliweka uani lipigwe na jua. Nimelala nikicheka peke yangu.


Jumatatu, 18 Machi

Kuku.

Jirani yangu hajui kupura mpunga. Punje zimebaki kwenye majani, kuku wakazisikia harufu, au wakaziona, sijui kuku hufikirije. Nimerudi kutoka mtoni nikakuta takia limepasuliwa tumbo na kuku sita wamo ndani wanaparua. Jogoo alikuwa amekaa juu ya kiti, ametulia, kama chifu.

Nimewafukuza kwa mwiko. Komora amecheka mpaka akashika ukuta. Nimemnyima chai.

Baba ameuliza kuna nini. Nikamweleza. Upande mmoja wa mdomo wake umepanda kidogo. Ndiyo mara ya kwanza tangu kiti kivunjike. Basi kuku wamefanya kazi kunishinda.


Ijumaa, 22 Machi

Barwako kaleta maziwa. Ni Muorma, tumekuwa tukibadilishana tangu niolewe huku, yeye maziwa mimi mahindi, na matusi ya utani juu yake. Akaketi sakafuni kama kawaida. Akavitazama viti vyangu viwili, akaniambia, "Nyinyi watu ya mto nalima chakula mpaka kwa kiti." Habari za kuku zimeshamfikia! Garsen haina siri hata moja.

Kisha akasema kwa nini sitaki ngozi. Wao hulala juu ya ngozi, huzaliwa juu yake. Ataniletea ya ng'ombe mtamba. Lakini nisikie, akanishika kidole kimoja kimoja. Nisiwambe ikiwa mbichi. Nisiweke juani. Nikate kanda, nipake samli, nifikiche siku nyingi, ndiyo nisuke. Nimesema ndiyo, ndiyo. Kichwani nilishaanza kuiona imekaa kwenye kiti cha Baba.


Jumatatu, 25 Machi

Ngozi imefika. Nzito, inanuka, nzi wamekuja nayo. Barwako hakukaa. Ng'ombe wao wanaanza kuondoka mtoni kabla ya mvua, atarudi akijaliwa.

Mawingu yamejaa upande wa bahari. Imebaki wiki moja Ramadhani. Siku nyingi za kufikicha ngozi nitazitoa wapi? Nimeiloweka, nimeipara manyoya, na leo mchana nimeiwamba nzima kwenye kiti cha Baba, kwa misumari midogo, pembe zote. Komora amesema jaribu kwanza kwa kile cha miguu mitatu. Nimemwambia hicho kina miguu mitatu, nitajua vipi kama kinakalika? Nilijiona nina akili.

Nimevuta mpaka ikalia kama ngoma. Nimekitoa juani kikauke upesi.


Jumanne, 26 Machi

Nilikuwa jikoni nikasikia mlio. Kavu, mkubwa, kama tawi. Nikajua kabla sijatoka.

Ngozi inapokauka hujikunja. Hilo kila mtoto wa Kiorma analijua. Imeivuta mikono ya kiti ikaja ndani, mkono mmoja umechomoka, na mguu wa mbele umepasuka toka juu mpaka nusu. Kiti cha Baba. Miaka yote aliyokaa juu yake akiandika mashauri ya watu, na mimi chini sakafuni ananifundisha herufi, a, be, che. Hakikuvunjika kwa mwizi wala kwa mafuriko. Nimekivunja mimi.

Baba ameita kutoka chumbani, nini hicho? Nimesema chungu. Sijawahi kumdanganya baba yangu.

Ninaandika kwenye daftari la baraza, alilobaki nalo likiwa tupu. Kila ukurasa una safu tatu: mshtaki, mshtakiwa, shauri. Siku zote huandika juu ya mistari bila kuijali. Leo nimeiona.


Alhamisi, 28 Machi

Komora amekibeba kiti mpaka kwa Fundi Shee. Mzee akaangua kicheko. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kasema, na wewe umevunja la kiti. Sikucheka. Akanitazama, naye akaacha. Akapitisha kidole kwenye ufa, akasema kwa Kiamu chake yeo na kesho hakitengenezeki, ila kitatengenezeka. Atatia kigingi cha mvule na gundi. Nisimhimize.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Komora ananiambia njiani. Maneno ya watu ambao koleo si lao.

Baba ameshajua. Hakunigombeza. Amemwita Komora, akamwambia aanze kuuliza mtumbwi.

Ningependa angenigombeza.


Jumatatu, 1 Aprili

Mwezi umeandama jana. Tumefunga.

Baba naye amefunga. Mgonjwa! Sheria yenyewe imemsamehe. Nimempelekea uji asubuhi, akafumba mdomo kama mtoto. Maji, hataki. Nimemwambia Mungu hakumtaka ajiue. Akaniambia nisimfundishe dini aliyonifundisha yeye. Nimetoka nikaubwaga ule uji kwa kuku. Midomo yake imepasuka. Nina hasira naye. Nina hasira na ngozi, na kiti, na mimi mwenyewe, na njaa juu yake.


Alhamisi, 4 Aprili

Naandika polepole leo.

Nimepita kwa Fundi Shee kuangalia mguu. Umeshachongewa kigingi. Alikuwa amechokoa mabaki ya ile henzirani ya zamani kwenye matundu, ameyaweka kwenye kifuu. Akaniwekea kiganjani. Nyeusi, inameguka kama tumbaku. "Hii haikukatika kwa uzee, mwanangu," kasema. "Imeoza kwa maji. Kiti kililala mvuani?"

Nimesema ndiyo. Uongo wa pili. Kiti kile hakijawahi kulala nje hata siku moja.

Nimerudi nyumbani. Usiku kitanda chake huloa, hilo najua, nafua mimi. Lakini mchana huniita, nikampelekea chombo, na nilidhani basi, mchana yu salama. Barazani je? Amezungukwa na watu, aniite mimi, binti yake, mbele yao? Hakuniita. Alikaa tu. Ndiyo maana alikuwa wa mwisho kuingia ndani. Alikuwa akingoja giza. Alikuwa akingoja akauke.

Na maji hayanywi wageni wakitarajiwa. Miezi yote hii nimeona na sikuona. Na sasa kafunga, na hakuna atakayemuuliza kwa nini hanywi.

Hakimbii kuanguka kwenye kiti. Anakimbia siku watu watakapoona.

Nimekaa nyuma ya nyumba nikalia. Kisha nikanawa uso nikapika futari. Siwezi kumwambia kwamba najua. Kuna maneno binti hamwambii baba yake. Lakini kiti kinaweza kutengenezwa kijue bila kusema.


Jumanne, 9 Aprili

Barwako amerudi na samli kubadilisha na mahindi. Nimemwonyesha ngozi, imekauka imepinda kama kigae. Lo, nimetukanwa! "Mimi nasema jua hapana. Wewe naweka jua. Mimi nasema kata. Wewe napiga misumari. Sikio yako ya nini, ya kuvaa herini?" Stahili yangu.

Akailoweka upya. Mchana tumekata kanda, tukianzia pembeni tukizunguka kuingia ndani, ukanda mmoja mrefu usio na mwisho. Kipande cha tumboni, chembamba, nimemwomba tukiache kizima. Akauliza cha nini. Nikazunguka weee, nikasema wazee wakati mwingine humwagikiwa na maji, chai, mambo ya namna hiyo. Hakuniangalia. Alikuwa akipaka samli. Akasema kwao kila mama humbeba mtoto mchanga juu ya ngozi ya samli, maji hayapiti, ukiifuta imekauka. Baba yake pia, kasema, kabla hajafa. Kisha akaanza kunisimanga kuhusu kuku.

Nampenda mwanamke huyu.

Tumefikicha kwa miguu mpaka nyayo zikawaka. Imewekwa kivulini. Safari hii, kivulini.


Jumapili, 14 Aprili

Mvua. Siku tatu haijaacha. Kazi yote ndani, moshi, kuku, Komora na nguo zake zilizoloa za kazini kivukoni, na mimi na ngozi inayonukia samli na njaa yangu.

Kanda zimelainika. Nimeanza kusuka kwenye kile cha miguu mitatu, kimeegemezwa ukutani. Nimekiweka mlangoni kwa Baba kwa sababu ndipo penye mwanga. Nasema kweli, kwa sababu hiyo tu. Nimesuka, kimelegea. Nimefumua. Nimesuka, kimepinda.

Mara sauti kutoka kitandani. "Dija. Unafunga kama mtu afungaye mbuzi wa kuazima."

Akataka nisogeze kiti. Akiwa kijana Ndera alikuwa akisuka mitego ya samaki, nilikuwa nimesahau, mimi nilimkuta na kalamu. Akashika ukanda kwa mkono wa kulia, akaupitisha, akangoja. Nilichelewa kuelewa alichongoja. Alingoja mkono wa pili. Nikaushika mwisho wa ukanda nikavuta. Akapitisha tena, nikavuta tena. Akawa ananiamrisha: chini, rudi, kaza, usikaze hivyo, umesahau cha kwanza? Mimi ni mkono wake wa kushoto. Mkono mzito, kasema.

Tumesuka mpaka adhana. Kile kiti kibovu sasa kina makalio mazuri kuliko kiti chochote Garsen, na miguu mitatu.

Hakutaja mtumbwi leo.


Jumatano, 17 Aprili

Sufi. Nimeichambua mbegu zote, moja moja, sina hamu ya kulisha kuku tena. Imeniingia puani, machoni, kwenye futari. Komora anapiga chafya kama paka.

Nimefungua sanduku la marehemu mama. Kaniki zake mbili zipo, nyeusi bado, zina harufu ya karafuu. Nilisita. Kisha nikasema mama angesema kata, na nikakata. Kaniki haionyeshi kitu. Ikiloa ni nyeusi, ikikauka ni nyeusi.

Nilivyopanga ni hivi. Chini kabisa sufi. Juu yake ile ngozi nyembamba ya samli. Juu ya ngozi khanga kuukuu zilizokunjwa, za kunywa maji. Juu kabisa kaniki, iliyofungwa kwa vishikizo nyuma ili zile khanga zitoke zifuliwe. Na matakia mawili, sawasawa, mtu asiweze kuyatofautisha. Komora kauliza ya nini mawili, kiti ni kimoja. Nimesema la pili ni la urembo. Akaridhika. Wanaume huridhika upesi.


Jumamosi, 20 Aprili

Mto umejaa mpaka kwenye migomba. Mwenye mtumbwi amekuja. Anapanda Ndera Jumapili ijayo, tarehe ishirini na nane, na baada ya hapo haendi tena mpaka maji yapungue, na hilo Mungu ndiye ajuaye. Anataka jibu Jumamosi.

Kiti bado kwa Fundi Shee. Gundi haikauki kwa unyevu huu. Nimekwenda mara mbili leo. Mara ya pili amenifungia mlango, anacheka kwa ndani.

Jioni nilikuwa namalizia vishikizo. Baba akanyoosha mkono, nikampa takia moja. Akalibonyeza. Vidole vikatembea pembeni, vikaingia kwenye kishikizo, vikaikuta khanga, vikasimama. Vikashuka, vikaikuta ngozi. Nimeinamisha kichwa nikajifanya natafuta sindano, nayo ilikuwa mdomoni mwangu.

Akanyoosha mkono tena. Nikampa la pili. Akalipapasa vilevile. Akakaa nayo yote mawili kifuani kwa muda mrefu.

"Mama yako naye alikuwa hivi," akasema. Akageuza uso ukutani. Sikujua kama nimemponya au nimemuumiza. Bado sijui.


Ijumaa, 26 Aprili

Kiti kimekuja jana! Mguu umeunganishwa, kovu linaonekana ukilijua tu. Fundi Shee amekileta mwenyewe, kichwani, kwenye tope, mzee yule. Fundi huyo nimemwita baba. Nitaacha kumsema.

Jana na leo tumesuka, mimi na Baba, bila kusemezana sana. Vidole vyangu vina malengelenge. Akichoka hufumba macho, ukanda mkononi, nami nangoja. Leo alasiri amepitisha wa mwisho. Nimefunga fundo. Akalivuta kujaribu, halikutoka.

Kesho mwenye mtumbwi.


Jumamosi, 27 Aprili

Komora amekaa kwanza, kwa sababu ana uzito wa magunia. Akajitingisha. Mguu umetulia. Nilikuwa nimeziba macho.

Kisha Baba. Tumemnyanyua, tumemshusha. Ngozi ikalia kidogo, ikampokea. Mkono wa kulia ukakaa mahali pake pa zamani, pale penye mbao iliyolika. Sijamwona ameketi wima tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa nimesahau kwamba baba yangu ni mrefu.

Mwenye mtumbwi akapiga hodi. Nilisimama mlangoni nisimpishe wala nisimfukuze. Baba akamtazama kama alivyokuwa akiwatazama watu wenye mashauri.

"Nenda, mwanangu. Msalimie ndugu yangu. Mwambie nione Idi kwanza."

Idi kwanza. Hakusema atabaki. Najua kusikiliza, nilifundishwa na karani. Idi ikiwa mbaya atangoja maji yapungue, na ataondoka.


Jumanne, 30 Aprili

Mwezi umeonekana. Makelele nje, watoto, bunduki ya mtu fulani. Nimepika tangu adhuhuri. Matakia yote mawili yamekauka. Kanzu ya Baba imepigwa pasi.

Naogopa. Sina la kuongeza.


Jumatano, 1 Mei

Idi. Jua jepesi baada ya mvua.

Amekaa barazani tangu watu warudi kuswali. Mbele yake wamepita wote, mkono wa kulia unapeana, unapumzika, unapeana. Fundi Shee alichungulia mguu wa kiti kabla ya kumsalimia mwenye kiti. Barwako ametoka kwenye ng'ombe na kibuyu cha maziwa, tukamkalisha kwenye kiti kisicho na mgongo. Akakaa kidogo kwa adabu, akasema hapo juu kuna upepo, akarudi sakafuni.

Kabla ya adhuhuri Baba amenitazama mara moja tu. Nikasema kwa sauti jua limegeuka, tumsogeze kivulini. Komora akamnyanyua, nikachukua takia, nikaweka lingine. Kaniki kwa kaniki. Mzee mmoja alikuwa katikati ya hadithi ya fahali wake aliyepotea. Hakukatiza hata neno. Fahali alipatikana, nadhani.

Nimelifua lile la kwanza nyuma ya nyumba, nikalianika. Nikarudi na birika la chai na mtungi wa maji. Nimewamiminia wageni. Kwa Baba nikapita, kama nilivyozoea, nisimlazimishe mbele za watu.

Akainua kikombe chake. Kilikuwa kitupu. Alikuwa amekunywa bila mimi kuona.

"Dija," akasema, na watu wote wakisikia, "niongeze maji."

Nikamwongezea.